Kuhama, kuhamishwa, kuhamiwa: Vitenzi vya mshabiki wa Mikelenge ligi inapopangwa upya

1. Swali lilivyoanza

Kazi hii niliianza kwa bahati. Nyumbani kwetu, komuni ya Mikelenge, mjomba wangu ana redio ambayo Jumapili alasiri huwekwa juu ya kiti mlangoni, na majirani huja na viti vyao. Kabla ya msimu wa 2023-2024 wa Linafoot, shampiona ya taifa letu, habari iliyosomwa siku moja haikuwa ya matokeo. Ilikuwa ya mpango mpya: awamu ya kwanza itachezwa katika makundi mawili, kisha ekipe za juu zitakutana katika mechi za mwisho za kumtafuta bingwa. Mtangazaji hajamaliza, watu watatu wakasema kwa pamoja.

Mjomba wangu alisema: "Banatuhamisha tena."

Jirani yetu, fundi wa pikipiki, alisema: "Banatuletea bageni."

Mama mmoja anayeuza samaki kando ya njia, mzaliwa wa Bukavu, aliuliza: "Na bale ba Bukavu, tutaonana nabo tena?"

Nilicheka, kisha nikaingia ndani kutafuta daftari. Habari ilikuwa moja, lakini wa kwanza alitumia kinyambuo cha -isha, wa pili cha -ea, wa tatu cha -ana. Ni kama mtu amewapangia somo letu la mnyambuliko wa vitenzi. Tena kila mmoja, kwa kinyambuo alichochagua, alijiweka mahali fulani ndani ya habari ile.

Makala hii inauliza hivi: ligi inapopangwa upya na wanachama wapya wakaingia, sarufi ya mshabiki inatuonyesha nini ambacho malalamiko yake hayasemi? Jibu langu, nitakalojaribu kulithibitisha hatua kwa hatua, ni kwamba ekipe mpya haiwi mwanachama siku ofisi inapotia sahihi. Inakuwa mwanachama siku washabiki wanapoanza kuitumia kwa -ana.

Tangu siku ile nimesikiliza kwa misimu miwili, zaidi hapa Mikelenge, na mara chache ng'ambo ya Lualaba, Alunguli. Huu ni uchunguzi mdogo wa mtaa mmoja, na mifano yote nimeiandika jinsi ilivyosemwa, kwa Kiswahili chetu cha Maniema, kisha nimeieleza kwa Kiswahili sanifu pale inapohitajika.

2. Ligi inayohama

Wanafunzi wenzangu wasiofuata mpira wanahitaji historia fupi. Shampiona ya taifa inahesabiwa tangu 1958. Ekipe kubwa zinazotajwa kila siku ni za zamani: AS Vita Club ya Kinshasa ilianzishwa 1935, Daring Club Motema Pembe 1936, na TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo za Lubumbashi zote 1939. Ekipe yetu, AS Maniema Union, ilianzishwa 2005. Kwa umri, sisi ni watoto mezani pa wazee.

Nchi yetu ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3. Kutoka Kindu hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,100 angani, hadi Lubumbashi karibu 1,000. Reli inatupeleka kusini, mto unatupeleka hadi Ubundu, lakini ekipe yenye kalenda ya kila wiki haiwezi kungoja treni wala baleinière. Inahitaji ndege, na ndege ni pesa. Kwa sababu hiyo, kwa misimu kadhaa awamu ya kwanza ilichezwa kwa kanda: Magharibi, Kati-Kusini na Mashariki. Sisi tulikuwa Mashariki, pamoja na ekipe za Bukavu, Goma, Kisangani na Butembo. Msimu wa 2018-2019 kanda ziliondolewa, zikawekwa ekipe 16 katika kundi moja la nchi nzima. Msimu wa 2023-2024 tukarudi kwenye makundi. Ndiyo maana mjomba alisema "tena".

Kwa mtu anayetazama jedwali tu, haya ni mabadiliko ya utaratibu. Kwa mtu wa Mikelenge, ni swali la nani atakuja mjini mwezi ujao. Wakati wa kanda, ekipe ya Bukavu ilipokuja Kindu ilikuja pamoja na salamu, barua na mizigo midogo. Bukavu iko zaidi kidogo ya kilomita 300 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, na tulikuwa mkoa mmoja: Maniema ilitengwa na Kivu ya zamani mwaka 1988, siku ile ile Kivu Kaskazini na Kivu Kusini zilipozaliwa. Mistari ilichorwa upya, lakini ndoa na undugu vilibaki pande zote mbili. Mama wa samaki hakuwa anauliza juu ya pointi.

3. Mzizi mmoja, viti vitano

Turudi kwenye kitenzi cha mjomba. Mzizi -ham- ni hazina kwa mwanafunzi wa mnyambuliko, kwa sababu kila umbo lake linampa mtu kiti tofauti katika tukio lile lile la kuondoka.

Kuhama: mtu anaondoka mahali alipokuwa. Macho yako nyuma, kwenye nyumba inayoachwa. Mhamaji ni mtu wa namna hii.

Kuhamia: mtu anaondoka ili akae mahali fulani. Macho yako mbele. Mhamiaji ni jina linalotoka hapa, na ndiyo sababu mhamaji na mhamiaji si mtu mmoja, ingawa wote wawili wako njiani.

Kuhamisha: mtu mwingine ndiye anayesababisha safari.

Kuhamishwa: safari imesababishwa, na aliyesababisha anaweza asitajwe.

Kuhamiwa: hapa msemaji hakuondoka kabisa. Amekaa kwake, na watu wengine wamekuja kukaa. Umbo hili ni ndugu wa kufiwa, kunyeshewa na kuingiliwa. Mtu aliyefiwa hakufa yeye, lakini kifo kimemgusa. Mtu aliyehamiwa hakuhama, lakini uhamaji umemgusa. Sarufi yetu inamhesabu kama mshiriki.

Liko pia jina ambalo vijana wa mjini hawalitumii sana lakini wazee wanalijua: mahame, yaani kijiji au makao yaliyohamwa na watu. Katika mahame miembe inabaki, mawe ya jiko yanabaki, jina linabaki. Watu hawapo.

Nilipopanga maumbo haya katika daftari, niliona kwamba wapenzi wa mpira duniani kote, ligi zao zinapopangwa upya, wanagombania viti hivi hivi. Ninaweza kuonyesha hilo kwa mfano wa mbali, tuliousoma katika somo la ufahamu wa maandishi ya Kiingereza.

4. Mfano wa mbali: vyuo vikuu vya Marekani

Marekani, mpira wa vyuo vikuu (mpira wao wa kushika kwa mikono na kugongana) unajaza viwanja vikubwa kuliko vya ekipe nyingi za kulipwa duniani. Vyuo havichezi katika ligi moja ya taifa. Vinajiunga katika miungano yenye majina: Big Ten, SEC, ACC, Big 12, Pac-12. Kila muungano una kalenda yake na mikataba yake ya televisheni, na mikataba hiyo ndiyo injini ya habari yote.

Tarehe 30 Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kwamba vitaondoka Pac-12, muungano wa pwani ya magharibi ambao mizizi yake ni ya 1915, na kuhamia Big Ten, muungano uliozaliwa katika majimbo ya kati. Mwaka uliofuata wengine wakafuata. Oregon na Washington walihamia Big Ten. Colorado, Arizona, Arizona State na Utah walihamia Big 12. Stanford na California walihamia ACC. Ulipofika msimu wa 2024, kati ya wanachama 12 wa Pac-12 walikuwa wamebaki wawili, Oregon State na Washington State.

Mwanafunzi wa lugha ataona kwanza jambo la majina. Big Ten, yaani "kumi wakubwa", sasa ina wanachama 18. Big 12 ina 16. Jina la ACC linataja pwani ya Atlantiki, lakini Stanford na California ziko karibu na bahari ya upande wa pili. Hakuna aliyebadilisha majina hayo. Jina la muungano limekwisha kuacha kueleza idadi na mahali; limekuwa jina la ukoo. Hata sisi hatuulizi kama kila mtu anayeitwa Shabani alizaliwa mwezi wa Shabani.

Jambo la pili ni viti vya -ham-. Mshabiki wa UCLA amehama na kuhamia. Chuo chake kilichagua, hata kama yeye hakuulizwa, na sasa ekipe yake inasafiri karibu kilomita 4,000 hadi New Jersey kucheza mechi iliyo, kwa kalenda, ya "muungano mmoja". Mshabiki wa chuo cha zamani cha Big Ten amehamiwa: yuko kwake, lakini anaona majina mapya katika jedwali aliloachiwa na babu yake. Na mshabiki wa Oregon State amebaki katika mahame. Mechi ya Oregon na Oregon State ilichezwa mara ya kwanza 1894, kabla ya muungano wowote kati ya hiyo niliyoitaja. Chuo jirani kimeondoka, uwanja upo, jina la Pac-12 lipo. Ni picha ya miembe ile.

Lakini mahame yanaweza kuhamiwa tena. Mwezi wa Septemba 2024 vyuo vingine, Boise State na San Diego State miongoni mwao, vilikubali kuingia Pac-12 kuanzia 2026. Waliobaki, waliokuwa wakililia waliohama, wakageuka kuwa wenyeji wanaopokea wageni. Katika miaka miwili tu mshabiki yule yule alikaa kwenye viti viwili.

5. "Ba-" ni nani?

Sasa tofauti yetu na wao ionekane. Kule mwanachama ndiye anayehama. Hapa kwetu ekipe haihami yenyewe. Mpango unabadilishwa na ekipe inajikuta kundi jingine. Mjomba alisema sawasawa: si kuhama, ni kuhamishwa. Lakini tazama: hakusema "tumehamishwa". Alisema "banatuhamisha".

Kiswahili sanifu kingechagua kutendwa. Kutendwa kunamfunika mtendaji: tumehamishwa, na nani, haijulikani, labda haidhuru. Kiswahili chetu hakipendi sana kutendwa katika mazungumzo. Kinaweka ba- mbele, watu wasiotajwa, na kumwacha msikilizaji awatafute. "Banamwiba pikipiki" ni habari ya pikipiki iliyoibwa, na hakuna anayeuliza ni wangapi. Wengi wetu shuleni tulisahihishwa kwa kalamu nyekundu kwa sababu ya ba- hii, kana kwamba ni uvivu. Mimi ninaona inafanya kazi ambayo kutendwa hakufanyi. "Tumehamishwa" inaweza kusemwa juu ya mafuriko. "Banatuhamisha" inashikilia kwamba kuna watu, wana mikono, na siku moja wanaweza kuulizwa.

Nilimuuliza mjomba: "Mujomba, ba- ni banani?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yako wapi akiwa amesimama ndani ya Lualaba. "Bale benye kuandika," akasema. Wale wanaoandika. Nililiweka jibu hilo peke yake kwenye ukurasa, kwa sababu na sisi wa fakulte tunaandika.

6. Mugeni

Neno la fundi wa pikipiki, bageni, ndilo lililonikosesha. Katika daftari langu la kwanza niliandika pembeni: "wageni, yaani dharau". Nilikuwa na sababu. Fundi alikuwa amezitaja ekipe mbili tatu zilizopanda kuwa za porini, hazina uwanja, zitakuja kutuchafulia jedwali. Nilikumbuka safari yangu ya Kinshasa, ambako kijana mmoja aliniuliza kama Kindu ni mji au ni kituo cha treni tu. Nikafikiri: hiki ndicho kitu kimoja. Kila mtu ana porini pake.

Niliposoma ukurasa ule mbele ya mjomba, alininyamazisha. "Mutoto wangu, mugeni haiko adui. Mugeni, unamupikia." Mgeni si adui, mgeni unampikia. Kisha akamgeukia fundi: "Na sisi pia tulikuwaka bageni."

Nilirudi kwenye kamusi na kuona kosa langu. Kwa lugha nyingi mtu asiyejulikana ana neno lake, aliyealikwa ana neno lake, na mwanachama mpya ana la tatu. Kiswahili kinawaweka wote watatu ndani ya mgeni mmoja, na kinaacha muda uamue ni yupi. Methali inajulikana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma kama methali ya kumchoka mgeni. Mimi sasa naisoma kama sheria ya uanachama. Siku mbili za kwanza anakula na hadaiwi kitu. Siku ya tatu anapewa jembe. Maana yake shamba limekuwa lake pia, na njaa itakuwa yake pia. Asiyepewa jembe hajafukuzwa, lakini hajaingia.

Kwa hiyo fundi aliposema "banatuletea bageni" alisema mambo mawili kwa neno moja. Alilalamika kwamba hakuulizwa. Na bila kukusudia alikubali kwamba waliokuja wana haki ya kupikiwa. Kinyambuo -ea kinabeba utata huo huo: mtu anaweza kukuletea zawadi, na anaweza kukuletea shida. Sarufi haikuamua. Fundi alikuwa bado hajaamua pia.

Tukumbuke kwamba hata sisi, kama taifa, tuko kwenye kiti hicho leo. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika mpira, hata hivyo, shirikisho letu linabaki upande wa Afrika ya Kati, katika UNIFFAC, na si pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda katika CECAFA. Kwa siasa sisi ni wageni wa mashariki. Kwa mpira ni wenyeji wa kati. Kwa lugha, mtu wa Kindu na mtu wa Kigoma wanaelewana tangu zamani bila kusubiri sahihi ya mtu. Uanachama una tabaka, na tabaka hizo hazisogei pamoja.

7. Mahali pa "tu-"

Sasa niweke zile sentensi tatu moja chini ya nyingine, nikizikata vipande kama tunavyofundishwa:

ba-na-tu-hamisha
ba-na-tu-letea
tu-ta-onana

Katika mbili za kwanza, "sisi" tumo, lakini tumekaa katikati, mahali pa mtendwa: -tu-. Wanaotenda ni ba-. Katika ya tatu -tu- ya katikati imepotea, na "sisi" tumekwenda mbele, mahali pa mtenda. Hiyo ndiyo kazi ya -ana. Inaondoa mtendwa. Tunapoonana, hakuna anayeonwa tu, wote wanaona. Tunapotembeleana, kila mmoja ni mgeni mara moja na mwenyeji mara moja. Mechi ya nyumbani na ugenini ni -ana iliyowekwa kwenye kalenda.

Mzizi -ham- wenyewe hausaidii hapa. Sijasikia mtu akisema "tunahamiana", na nikijaribu kuisema inasikika ovyo. Kuhama ni kwa upande mmoja siku zote. Kwa hiyo anayehamia hawezi kuwa mwanachama kwa kitenzi kilichomleta. Anahitaji kitenzi kingine, na kitenzi hicho lazima kikubali -ana. Katika daftari langu vitenzi vya namna hiyo ni vichache na vinarudi: kuonana, kutembeleana, kupigana, kuchekana, kudaiana. Msomaji ataona kwamba vitatu vya mwisho si vya upole. Ugomvi nao ni uanachama, mradi uwe wa pande mbili.

Mama wa samaki ndiye aliyenifundisha kudaiana. Alisema juu ya Bukavu: "Bale, tulikuwaka tunadaiana nabo." Mwaka huu wametupiga, basi mwaka ujao ni deni. Deni linahitaji mwaka ujao. Bila mechi ya kurudi, deni linakuwa hasara tu. Ndiyo maana swali lake la kwanza lilikuwa "tutaonana nabo tena?" Alikuwa na deni ambalo kalenda ingeweza kulifuta bila yeye kusamehe.

Kule Marekani kuna mfano unaolingana na wake kabisa. Vyuo vya Texas na Texas A&M, vya jimbo moja, vilipigana karibu kila mwaka kwa vizazi, na nyimbo za mashabiki wa kila chuo zinamtaja mwenzake. Mwaka 2012 Texas A&M ilihamia SEC. Mechi ikakatika. Kwa miaka 13 mashabiki waliendelea kuimba jina la mpinzani wasiyekutana naye. Mwaka 2024 Texas nayo ikahamia SEC, na tarehe 30 Novemba 2024 walikutana tena. Kalenda iliwaondolea -ana. Nyimbo ziliishikilia hadi kalenda ikarudi. Kwa hiyo ninapopendekeza kwamba lugha ndiyo daftari la kweli la wanachama, sisemi kwa Mikelenge peke yake.

8. Jaribio la mwaka uliofuata

Msimu ule wa 2023-2024 Maniema Union ilimaliza ya pili nyuma ya TP Mazembe, ikaenda Ligi ya Mabingwa ya Afrika na kufika hatua ya makundi: Raja Casablanca, AS FAR ya Rabat, na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Sasa sisi ndio tuliokuwa majina mapya katika jedwali la watu wengine. Mechi zetu za nyumbani zilichezewa Kinshasa, si Kindu. Tukawa wenyeji ugenini, tukisikiliza redio ile ile juu ya kiti kile kile. Tulimaliza mkiani mwa kundi.

Nilisikiliza vitenzi. Juu ya Raja watu walisema "tunacheza na Raja". Hakuna aliyesema "tunadaiana na Raja". Ilikuwa siku ya kwanza ya mgeni, na mtaa ulilijua hilo bila kufundishwa. Mzee mmoja alisema tu: "Batuone kwanza." Watuone kwanza. Hata kuonana kulikuwa bado. Aliomba nusu yake.

Jambo la pili lilikuwa dogo zaidi, na ndilo nililokuwa nalingoja. Moja ya ekipe ambazo fundi wa pikipiki aliziita za porini ilitupa shida uwanjani. Jioni ile alikuwa anafunga duka lake la vyuma, mikono imejaa mafuta, na nilimuuliza kwa makusudi anafikiri nini juu ya wale bageni. Alisahau kabisa neno lake. Alisema: "Bale? Tunadaiana nabo sasa."

Sikumkumbusha alichosema mwaka uliopita. Nilirudi nyumbani, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, na pale nilipokuwa nimeandika "yaani dharau" nikapiga mstari.

9. Kwa kazi ya darasani

Ninawaachia wenzangu wa fakulte maswali matatu. Kwanza, katika Kiswahili cha kartie yako, ni wakati gani watu hutumia kutendwa badala ya ba-? Sikiliza siku moja nzima kabla ya kujibu. Pili, chukua mzizi -leta au -pokea, uunyambue kama tulivyofanya kwa -ham-, na uonyeshe kila umbo linampa msemaji kiti gani. Tatu, tafuta kundi ambalo wewe mwenyewe ulihamia, iwe darasa, kwaya, msikiti, parokia au mtaa, na ukumbuke ni kitenzi gani cha -ana walichokitumia kwanza juu yako, na baada ya muda gani.